Kabla Hujalipa, Mwantumu

Usiniangalie mimi. Liangalie gitaa.
Jekundu, ndiyo, linang'aa kama pipi ya kijiti.
Rangi ndiyo wanayokuuzia kwanza
na ndiyo pekee isiyotoa sauti.

Laki mbili na themanini, anasema Sechonge,
pamoja na kispika, mkanda, na begi
ambalo zipu yake haitafika Idi.
Wewe una laki mbili na nusu,
noti za machungwa ya Muheza,
bado zanukia ganda.
Mama yako kanitafuta mimi
kwa kuwa nilipiga besi miaka kumi na tisa
katika bendi iliyokufa kabla hujazaliwa
na siku hizi natengeneza redio Barabara ya Kumi na Moja.
Haya. Tufanye kazi.

Fumba jicho moja. Ipime shingo
kama seremala apimavyo ubao.
Imepinda, umeona? Kidogo.
Pale kichwani pana skrubu: robo mzunguko, bila pupa,
kisha uiache ilale mpaka kesho.

Pitisha kidole ukingoni, taratibu.
Eh. Pole.
Vichuma vina meno. Huko kiwandani
wameokoa dakika kumi, wakakudai wewe ngozi.
Msasa laini, jioni moja, basi.

Funguo sita: tano zinashika,
ya uzi wa pili inateleza kama mdaiwa.
Nyuzi zenyewe tupa. Zimekaa dirishani tangu masika
na chumvi ya Tanga haichagui chuma cha tajiri wala maskini.

(Sechonge anapanga chaja zilizokwisha pangika.)

Chomeka. Unasikia linavyovuma,
kama friji ya soda iliyochoka?
Sasa weka kiganja juu ya nyuzi.
Kimya.
Hiyo ni habari njema, ingawa haina mbwembwe:
waya wa ardhi umefika unakotakiwa.
Tundu linachezacheza, nitalipiga lihamu bure.
Kispika, sitakudanganya,
kinapiga kelele kama kuku ndani ya ndoo.

Nilikuwa nafungua mdomo nitoe hukumu,
nimeshaipanga: la chumbani, si la jukwaani,
mwaka mmoja, miwili ukilitunza,
umeme ukakatika.

Ngamiani nzima ikaguna mara moja.
Sechonge akatafuta tochi, akaangusha kitu, akakilaani.
Nami nikangoja, maana gitaa la umeme gizani
ni ubao wenye nyuzi, nani hajui.

Wewe hukungoja.
Uliliinua, ukaliegemeza taya
pale kwenye pembe nyekundu isiyoonekana tena nyekundu,
ukagusa uzi wa tatu, ukautuliza, ukaugusa tena.
Mimi sikusikia kitu.
Mwanga wa tochi ulipokupitia
niliona umefumba macho, umekunja uso
kama mtu anayesomewa barua na mwenye sauti ndogo.
"Mjomba," ukasema, "limo humu ndani."

Nikainama. Umri huu, kiuno hiki,
nikaweka taya langu juu ya gitaa la bei rahisi.
Ukapiga.

La kwanza langu sikulinunua. Nililikodi kwa saa,
kama baiskeli, na mwenyewe alisimama mlangoni
akitazama saa, si vidole vyangu.
Sikuwahi kupata nafasi ya kuliwekea mfupa.
Miaka kumi na tisa, taa, spika ndefu kuliko mimi,
na hii, hii sauti nyembamba ipitayo jinoni
ikatokea nyuma ya sikio,
naambiwa leo, dukani, na mtoto wa darasa la saba.

Umeme uliporudi nilikuwa bado nimeinama.
Sechonge akaniona. Hasara kubwa
kwa mtu anayetaka kupatana bei.

Nikajikohoza.
"Shingo imepinda," nikamwambia. "Ufunguo unateleza,
vichuma vinakata watoto wa watu.
Laki mbili na thelathini.
Ishirini inayobaki ni ya nyuzi mpya na msasa.
Na hilo begi,
hilo baki nalo."